Mapazia ya Manjano

Siku yangu ya kwanza kazini, katika wadi ya watoto kule Kitale, nilifukuzwa kando ya kitanda kabla ya chai ya saa nne. Sare yangu ilikuwa imepigwa pasi ikapigika. Saa ya kifuani, ile tunayoibandika kichwa chini ili muuguzi aisome bila kuishika, nilikuwa nimeifuta mpaka inang'aa. Inchaji wa wadi, yaani muuguzi msimamizi, alikuwa mama mfupi mwenye sauti nzito na viatu visivyotoa kelele. Akaniambia nihesabu pumzi za mtoto wa miezi minane aliyekuwa anakohoa. Nikahesabu nusu dakika, nikazidisha mara mbili kama tulivyozoea kufanya chuoni, nikatangaza bila wasiwasi, "Arobaini na nne, Sista."

Alifunua fulana ya mtoto, akashika saa yake, akahesabu dakika nzima huku mimi nimesimama tu.

"Hamsini na sita," akasema. "Toka hapo. Mtoto ana nimonia, na wewe unamfanyia hesabu za darasa la tatu."

Machozi yalinilenga, lakini alisema kweli. Mtoto hapumui sawasawa. Hukimbia, husita, hukimbia tena, na ukihesabu nusu dakika unaweza kuokota ile nusu aliyokuwa anapumzika. Aliye chini ya miezi miwili, pumzi sitini au zaidi kwa dakika ni hatari. Kutoka miezi miwili hadi mwaka, hamsini. Kutoka mwaka hadi miaka mitano, arobaini. Kisha unatazama chini ya mbavu, na kama nyama inavutwa ndani kila akivuta pumzi, acha kuandika, tafuta oksijeni. Wala humhesabu mtoto akilia au akinyonya. Unangoja. Inchaji alikuwa akisema kungoja ni kazi, na mara nyingi ungemkuta amekaa kimya kando ya mtoto na kila mtu anadhani anapumzika.

Haya nayaandika kwa sababu binti anayesimamia wadi ya watoto wachanga Bungoma siku hizi aliniomba niwaandikie wanafunzi wake jinsi sisi wazee tulivyofanya kazi. Alitaka hasa habari za dirisha. Nimekubali kwa sharti moja, asikate kitu. Maana nyinyi mmesikia dirisha kama hadithi ya sifa yangu, na si sifa. Kuna mama mmoja Kamukuywa aliyepoteza nyumba yake kwa sababu ya neno moja nililokataa kulisema, na hiyo ndiyo habari yenyewe ya dirisha. Tulieni, nitafika.

Kitale ni baridi, mnajua. Msimu wa mvua nimonia ilitujazia wadi mpaka tukalaza watoto wawili kitanda kimoja, mmoja kichwa huku, mwingine kule. Tulijifunza kwa mikono. Mtoto wa kuhara unafinya ngozi ya tumbo, ukiiachilia ikarudi polepole unajua maji yamemwishia. Mtoto mchanga unamtazama kitovu kama kina usaha, unaangalia kama ananyonya kwa nguvu au anashika ziwa na kuliachia, unamkunja na kumkunjua ujue kama amelegea. Mtoto mchanga hana homa ya maana wakati mwingine. Anaweza kuwa anakufa huku mwili wake ni wa baridi, na kitu pekee anachokuambia ni kwamba hataki kunyonya. Mwandike hilo kwa herufi kubwa.

Na umanjano. Wengi wa watoto wachanga hupata manjano kidogo kuanzia siku ya pili au ya tatu, kisha huisha yenyewe. Lakini wengine hawaishii hapo. Manjano huanza usoni, yakashuka kifuani, tumboni, mapajani, na yakifika kwenye viganja na nyayo yameshafika pabaya, maana kile kinachotia ngozi rangi huweza kuingia kwenye ubongo. Inchaji alinibebesha mtoto wa siku tatu, akanisukuma mpaka dirishani.

"Usimwangalie mtoto kwa taa," akasema. "Taa ni mwongo. Mlete kwenye mwangaza wa Mungu, mbonyeze pua kwa kidole, achilia, tazama rangi inayobaki. Halafu kifua. Halafu nyayo. Na mama akikuambia rangi imebadilika, mama ameshamwangalia mara mia, kwako ni mara ya kwanza."

Kuna kitu kingine alichonifundisha, na hiki ndicho kilichonihukumu baadaye. Mtoto mmoja wa nimonia alitufia asubuhi. Sindano yake ya alfajiri ilikuwa imechelewa kwa sababu waliokuwa zamu ya usiku na sisi tuliokuwa zamu ya mchana tulidhani kila mmoja kwamba mwenzake ameshamdunga. Inchaji alimwosha mtoto mwenyewe, akamfunga vizuri kwenye leso ya mama yake, akampa mama, akamwambia tukiwa wote tumesimama pale, "Mama, dawa ilichelewa. Sisi ndio tulioichelewesha."

Yule mama alipiga unyende, akamzaba inchaji kofi. Inchaji hakusogea. Tulipofika kwenye chumba cha dawa nilimwuliza, kwa nini umemwambia? Si hata hangejua?

"Ndiyo maana nimemwambia," akasema, shavu limemwiva. "Mama akifiwa na mtoto hujitafutia kosa. Atasema nilimwogesha maji baridi, atasema nilimbeba kwenye mvua. Usimwachie kosa lako alibebe. Na mwambie siku hiyo hiyo, kwa sababu kesho utakuwa umeshatafuta maneno mazuri."

Nililia siku hiyo, na niliapa moyoni kwamba nitakuwa muuguzi kama yule. Haki naapa niliapa.

Kutoka Kitale nilipelekwa Endebess, kwenye kituo cha afya. Huko hakukuwa na daktari, kulikuwa na klinikali ofisa, yaani tabibu, mmoja mpole aliyefuga ng'ombe wa maziwa na kuja kazini na matope ya zizi kwenye viatu. Nilichapa kazi. Watoto wa mashamba ya mahindi waliletwa wamekaukiwa maji, nami nikakaa na mama zao kwenye benchi nikiwanywesha maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko, mpaka jioni mtoto anakojoa na mama anacheka. Jina langu likavuma. Walianza kunitafuta kwa jina, wakaniletea maziwa, wakaniletea kuku. Mimi nikapenda. Wee, nikapenda sana. Siku ya kuniaga klinikali ofisa aliniambia kitu ambacho niliona ni wivu tu.

"Sista, mkono wako ni mzuri kabisa. Lakini unapenda kusifiwa kuliko unavyopenda kulala. Jichunge."

Basi nikahamishiwa Bungoma, nyumbani kwetu, wadi ya watoto wachanga. Hospitali yenyewe sitaitaja. Matroni, yaani mkuu wa wauguzi wote, alikuwa mwanamke mrefu aliyependa usafi mpaka akaogopwa na madaktari. Wadi yetu ilikuwa chumba kimoja kirefu, madirisha ya upande wa barabara, na taa moja tu ya bluu ya kutibu umanjano, ambayo watoto waliipokezana. Mapazia yalikuwa yale ya zamani ya kijivu, yametoboka. Mimi, mpenda sifa, nikaenda kwa akina mama wa kanisani kwetu nikawaambia mnakaaje mkiona watoto wa Bungoma wanazaliwa kwenye matambara? Wakachanga. Tukaenda na mwenyekiti wao kwenye duka la vitambaa karibu na msikiti wa mjini, na mwenye duka, mzee mwungwana, alipojua ni kwa ajili ya watoto akatuongezea mita kadhaa bure.

Rangi niliichagua mimi. Manjano, yenye maua madogo meupe. Nilitaka chumba kionekane kina jua hata wakati wa mvua.

Yalipotundikwa matroni aliita watu waje kuona. Mwangaza ukipita kwenye kile kitambaa chumba chote kiliwaka, kuta, mashuka, nyuso zetu. Wauguzi walitania, "Siku hizi watoto wote ni wa dhahabu." Tulicheka. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri. Chumba kizima cha watu waliosomea kutafuta manjano kwenye ngozi ya mtoto, tukatundika manjano madirishani, tukapiga makofi!

Mwanzoni nilikuwa bado nabeba mtoto, nafungua pazia, natazama. Halafu kazi ikazidi, nikaanza kutazama hapo hapo kitandani. Jicho langu lilizoea. Likizoea ndiyo basi.

Nasimiyu alikuja kujifungua mtoto wake wa kwanza wakati wa mvua nyingi. Alikuwa binti wa Kamukuywa aliyeolewa Mabanga, mwembamba, mwenye maswali mengi. Alizaa mvulana, wakamwita Wafula, jina la mvua kama ilivyo kwetu. Siku ya tatu asubuhi nilikuwa nawaruhusu mama waende nyumbani. Nje mvua inapiga, madirisha yamefungwa, mapazia yamevutwa kwa sababu ya baridi, na mlangoni kuna mama mwingine amesimama na kichanga chake akingoja kitanda cha Nasimiyu.

"Sista," Nasimiyu akasema, "hebu angalia huyu. Si naona ni kama ako na manjano?"

Nilimtazama pale pale kitandani. Sikumbeba.

"Ni pazia hilo, mama," nikamwambia. "Kila mtu humu ndani ana manjano. Hata mimi niangalie."

Mama wa vitanda vya karibu wakacheka. Nasimiyu naye akatabasamu, lakini hakuachia.

"Na analala tu, Sista. Nikimpa ziwa anashika kidogo anaacha."

"Mtoto wa siku tatu hulala. Wewe ungependa alie usiku kucha? Bana, nenda nyumbani upumzike."

Nikaandika kwenye faili, rangi nzuri, ananyonya vizuri. Kutoka kitanda chake hadi dirishani ni hatua nne. Nimezihesabu baadaye, si mara moja.

Wafula alirudishwa siku ya nne baada ya hapo. Nyumbani Mabanga mama mkwe alikuwa ametaka mtoto akae ndani mpaka kitovu kianguke, kwenye chumba chenye dirisha dogo, na watu walimsifu kwamba ni mtoto mtulivu. Alipoingia wadini hakuwa mtulivu tena. Alikuwa amepinda mgongo kwenda nyuma kama upinde, analia kwa sauti nyembamba, kali, ambayo ukiisikia mara moja huhitaji kufundishwa. Nilimwondoa leso. Nyayo zake zilikuwa manjano. Viganja vilikuwa manjano. Nilijua kabla sijambonyeza.

Tulimweka kwenye taa ya bluu, tukatafuta gari, akapelekwa hospitali kubwa zaidi akabadilishwe damu. Alinusurika kufa. Lakini kilichoingia kwenye ubongo hakikutoka. Daktari aliwaeleza kwamba shingo haitakaza sawasawa, mikono itajikunja yenyewe, na huenda hatasikia. Yote yakawa hivyo.

Matroni aliniita ofisini. Faili ilikuwa mezani.

"Sista, ulimwangalia kwenye mwangaza kabla hajaenda?"

"Ndiyo, Matroni."

Alinitazama, akafunga faili. Aliniamini kwa sababu mimi ndiye niliyewafundisha wengine.

Na huo si ule uongo mkubwa. Ule mkubwa ulikuja waliporudishwa Bungoma kumalizia matibabu. Mama mkwe alikuja wadini wakati wa kuona wagonjwa, mama mzito mwenye kitambaa cheupe cha kanisa, akasimama mguuni pa kitanda, mume wa Nasimiyu nyuma yake anatazama sakafu. Nasimiyu amekaa na mtoto mapajani. Yule mama akanigeukia mimi.

"Sista, sema wewe mwenye umesoma. Mimi nirimukataza huyu. Nirimwambia usiende matangani na mimba, akaenda. Akaangaria maiti. Si ndiyo hii imeharibu mutoto?"

Nasimiyu akasema, "Mimi nilimwambia Sista juu ya rangi. Muulizeni. Akasema ni pazia."

Wote wakanitazama. Mapazia yenyewe yalikuwa yananing'inia pale nyuma yangu. Nilikuwa na nafasi ya kusema maneno sita tu, mama huyu hana kosa, ni langu. Nilimwona inchaji wangu wa Kitale kabisa, na shavu lake. Nikafungua mdomo, nikasema, "Mama, haya mambo ni ya Mungu."

Ya Mungu! Mungu ndiye aliyechagua kitambaa?

Mama mkwe akatikisa kichwa kama mtu aliyethibitishiwa. Mume akatoka nje. Nasimiyu alinitazama, na mimi nikajifanya naitwa kitanda cha mwisho. Kabla ya mvua kuisha walikuwa wamemrudisha kwao Kamukuywa na mtoto wake mgongoni, kwamba amewaletea mkosi na uongo juu yake.

Wiki hiyo niliyatoa mapazia nikisema yanataka kufuliwa. Hayakurudi. Nikanunua meupe kwa mshahara wangu, na akina mama wa kanisa walipouliza nikasema yale yamechujuka. Matroni hakuuliza. Mara nyingi nimejiuliza kama alijua.

Tangu hapo nikawa mkali wa dirisha. Hakuna mwanafunzi aliyepita mkononi mwangu asiyembeba mtoto mpaka dirishani, mvua, jua, foleni au hakuna foleni. Niliwagombeza, niliwarudisha, niliwatoa machozi. Wakanipa jina, Sista Dirisha. Watoto wengi waliwahiwa kwa sababu hiyo, na ninyi mnasema hilo linatosha. Halitoshi. Wale wengine walipata dirisha. Wafula hakupata.

Na Nasimiyu nilikuwa namwona. Alikuja kliniki ya kunyoosha viungo, kwanza mtoto mgongoni, kisha ubavuni, kisha kwenye kiti cha magurudumu cha kuazima, miguu imekuwa mirefu. Nikimwona kwenye ukumbi nilikuwa napitia upande wa jikoni. Mwanamke mzima, muuguzi wa kuheshimika, najificha kati ya masufuria ya uji! Miaka yote hiyo niliendelea kutafuta maneno mazuri, kama inchaji alivyosema, na sikuyapata kwa sababu hayapo.

Nilistaafu. Mliniandalia karamu, mnakumbuka, mkanivisha kitenge, mkaimba. Binti huyu inchaji wenu akasimama akasema, "Huyu ndiye aliyetufundisha kumsikiza mama na kumpeleka mtoto dirishani." Watu wakapiga makofi, nikapewa kisu nikate keki. Nilikata. Sikuweza kumeza. Mlidhani nalia kwa kuagwa.

Mimi sijui kuwapa mawaidha ya wazee. Magoti yananiuma, nafuga kuku, asubuhi naamka saa kumi na moja kwa mazoea halafu nakumbuka sina zamu. Mashine mlizo nazo ni nzuri, mna taa za bluu zaidi ya moja, mna kifaa cha kupima manjano kwenye ngozi bila sindano. Kosa hutokea hata hivyo, litatokea kwa mikono yenu pia, msinune. Ninalojua mimi ni kwamba kosa la kwanza lilichukua dakika moja na nilikuwa nimechoka. La pili nililifanya kila siku, nikiwa nimelala vizuri na kunywa chai.

Wiki chache baada ya karamu nilienda Kamukuywa. Niliuliza sokoni, wakanionyesha. Anauza vitunguu na nyanya, lakini siku ile hakuwa ameenda. Nyumba yake ya mabati iko nyuma ya boma la kaka yake. Nilimkuta nje, mchana, anamnyoa Wafula ndevu. Wafula ni mwanamume sasa. Amekaa kwenye kiti alichochongewa na mjomba wake, amefungwa kifuani kwa ukanda wa kitenge, shingo inapinda upande huu na ule, na mama yake anafuata ile shingo kwa wembe, polepole, bila kumkata.

Alinijua mara moja. "Wewe ni Sista."

"Ni mimi, Mama Wafula."

"Kaa." Akanionyesha kigoda. "Nitakuletea chai nikimaliza upande huu."

Sikungoja chai. Nilijua nikinywa chai yake sitasema. "Nimekuja kukuambia kwamba haikuwa matanga. Ni mimi. Sikumwangalia mtoto wako kwenye mwangaza, halafu nikaandika kwamba yuko sawa, halafu mbele ya mama mkwe wako nikanyamaza."

Aliendelea kunyoa. "Najua."

"Unajua?"

"Sista, si nilikuwa hapo? Nilikwambia, ukasema ni pazia." Akasuuza wembe kwenye kikombe. "Niliwaambia hivyo huko nyumbani. Wakasema sista hawezi kosea, mimi ndiyo natafuta pa kuweka makosa yangu. Ningekuwa na neno lako moja tu, ningebaki kwangu. Lakini ati ni ya Mungu."

"Nisamehe, mama."

"Mama mkwe alikufa. Mzee wangu alioa mwingine, wako na watoto wanne. Sasa nikikusamehe, utanirudisha wapi?"

Hakupandisha sauti, na afadhali angenizaba kofi. Alimfuta Wafula kidevu kwa leso, akakigeuza kile kiti kidogo ili jua limpate usoni, akasimama kando.

"Usiniambie mimi. Mwambie mwenyewe."

Nilimtazama. "Lakini yeye hasikii, Mama Wafula."

"Najua hasikii," akasema. "Hata mimi sikusikizwa. Mwambie."

Nikapiga magoti pale kwenye udongo, magoti haya mabovu, mbele ya yule kijana. Sikujua niseme vipi, kwa hiyo nikasema kama tunavyotoa ripoti ya kubadilishana zamu. Jina, Wafula. Siku ya tatu tangu kuzaliwa. Mama aliripoti kwamba mtoto analala tu na hanyonyi vizuri. Nikamwambia mvua ilikuwa inanyesha, kitanda kilikuwa kinangojewa, sikukubeba kwenda dirishani, nikaandika uongo kwenye faili yako, mama yako akafukuzwa na mimi nikiwa najua. Alikuwa anatazama mdomo wangu. Mara mbili alicheka, na mkono wake mmoja ukanyooka wenyewe ukanigonga begani, ukabaki hapo. Nilikuwa nalia mpaka kamasi. Nilipomaliza nikashika kiti nijiinue.

"Bado," Nasimiyu akasema nyuma yangu. "Pazia umeliruka."

Kweli nililiruka. Hata siku hiyo, hata kwa mtu asiyesikia, nilikuwa nimeruka kwamba rangi niliichagua mimi, na kwamba mama yake alipoiona hatari nilimfanya achekwe.

"Anza tena," akasema.

Nikarudi chini, nikaanza tena.